Tini Sitini

Mkaguzi wa afya hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua tini moja ya kuokea mkate kutoka kwenye rafu, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole cha mwisho kwenye kona ya ndani. Ukucha ulitoka na kigaga cheusi, kikavu, kikubwa kama mbegu ya tikiti. Akakiweka juu ya karatasi nyeupe, akakitazama kama mtu anayetazama jino lililong'olewa.

"Hiki kinaliwa na watu," alisema. "Mna tini themanini na zote ziko hivi. Nitarudi Ijumaa asubuhi. Nikikuta hali ni hii hii, naweka kufuli."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Msimamizi wa kiwanda alimsindikiza mpaka getini huku akicheka kicheko cha kubembeleza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, ana miezi minne tu kazini, na mwenye kiwanda alikuwa shangazi yake. Aliporudi kutoka getini kicheko kilikuwa kimekwisha. Alipita kati ya waokaji bila salamu, akatokea nyuma ya jengo kwenye makaro ya zege, ambako mwanamke mmoja mfupi, mwenye aproni ya plastiki iliyofika vifundoni, alikuwa akisuza trei. Watu wa tanurini walimwita Mama Trei. Kwa miaka tisa kila chombo kilichotoka kwenye moto kilipita mikononi mwake kabla ya kurudi motoni.

"Umesikia mkaguzi alivyosema?" msimamizi aliuliza.

"Nimesikia. Ni maneno yangu ya mwaka jana, yeye kayasema akiwa na koti jeupe."

"Sitaki utani. Ukoko huu unatokaje?"

Mama Trei akafuta mikono, akachukua tini, akamwonyesha. Ule weusi ulikuwa mafuta na unga vilivyoungua juu ya vingine vilivyoungua, tabaka juu ya tabaka, mpaka kona za tini zikawa za mviringo. "Unatoka, ila hautaki haraka. Maji ya moto sana yenye magadi ya kuokea, tini zilowe nusu siku, ukoko ulainike wenyewe. Halafu mwiko wa mbao. Konani, chumvi ya mawe na kitambaa. Chuma usiguse. Hii alumini laini, ukiikwangua inapata mikwaruzo, na ukoko mpya unajishika humo humo. Kwa siku natoa ishirini. Nikianza leo, Ijumaa zote zinang'aa."

"Na mikate iokwe viganjani?"

"Iokwe kwa zamu. Ishirini ziwe kwangu, sitini ziwe tanurini."

Msimamizi alitazama saa yake, kisha akaitazama aproni ya Mama Trei kana kwamba ndiyo iliyosema. "Mimi nina akili ya kisasa kuliko hiyo," alisema, akaondoka.

Kesho yake mchana alirudi na gunia dogo jeupe lisilo na maandishi. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe kama chumvi. Mama Trei aliinama, akanusa kwa mbali, akasimama.

"Bosi, hii ndiyo dawa ya kuzibulia mabomba."

"Ni dawa ya kiwandani. Kopo moja kwa kila ndoo nne. Loweka trei na tini, zilale humo. Asubuhi unasuza tu kwa maji."

"Trei sawa, zile ni chuma. Tini hapana. Alumini na dawa hii haviivi chungu kimoja, itazila."

"Nani amekufundisha?"

"Sufuria nilizoziharibu."

Msimamizi akacheka puani. Waokaji wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakisikiliza, na pengine hao ndio waliomharibia hesabu, maana mtu mdogo mwenye cheo kikubwa hawezi kurudi nyuma mbele ya watu. "Wewe umeajiriwa kuosha," alisema. "Ukitaka ukemia nenda shule. Fanya nilivyokuambia, au acha wengine wafanye."

Nyumbani kulikuwa na watoto wawili, mume mshona viatu na mama mkwe. Mama Trei akavaa glavu. Zilikuwa glavu za mwaka uliopita, zimechoka kwenye mishono ya vidole, na alikuwa ameomba mpya mara tatu. Akapima kopo kwa ndoo nne, sawasawa. Akaingiza trei kwanza, kisha tini. Tini ishirini zilikuwa bado na mikate inayopoa, hizo zikabaki rafuni. Sitini ziliingia kwenye karo.

Maji yakaanza kutokota bila moto. Povu la kijivu likapanda na mvuke unaochoma koo. Alipoisukuma chini tini ya mwisho alihisi utelezi ndani ya glavu, utelezi wa sabuni, wala hakushtuka. Mkono wa mwosha vyombo na utelezi wa sabuni ni majirani wa siku nyingi. Ilipita dakika nzima kabla utelezi haujageuka moto.

Mwokaji mkuu ndiye aliyemvuta mpaka kwenye bomba la uani, akamshikilia viganja chini ya maji na kukataa kumwachia hata aliposema basi. Maji hayo, muuguzi wa zahanati alimwambia baadaye akimfunga bandeji, ndiyo yaliyookoa vidole. Viganja na vidole vinane vilikuwa vimechubuka. Madole gumba mawili yalisalimika, maana glavu pale zilikuwa bado nzima.

"Leta fomu ya mwajiri inayosema umeumia kazini," muuguzi alisema. "Bila hiyo matibabu ni juu yako, na siku za kupumzika mwajiri halazimiki kukulipa. Wiki tatu usiguse maji."

*

Jumatano asubuhi aliitwa ofisini. Njiani alipita kwenye karo, na waokaji waliokuwa wamelizunguka wakampisha. Trei za chuma zilikuwa zimetoka safi, zinang'aa kama siku ya kununuliwa. Tini hazikuwa tini tena. Zilikuwa vitu vyeusi vyenye vitundu vidogo, kuta zimekuwa nyembamba kama jani, nyingine zimetoboka chini mpaka unaona mwanga. Mwokaji mkuu aliinyanyua moja kwa vidole viwili, ukingo ukabaki mkononi mwake na tini ikarudi majini.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili. Nyuma ya meza kubwa alikaa msimamizi. Nyuma ya meza ndogo yenye kompyuta alikaa karani, na karani huyo alikuwa wifi yake Mama Trei, dada wa mume wake, aliyeishi nao nyumba moja kwenye chumba cha uani. Karani hakuinua macho.

"Kaa," msimamizi alisema, kisha akakumbuka kwamba hakuna kiti cha tatu. "Au simama, si ndefu." Akasoma karatasi. Ilisema kwamba mwosha vyombo amekiri kuchanganya dawa kupita kiasi, kinyume na maelekezo aliyopewa. Kwamba kwa uzembe wake ameharibu tini sitini na kujiumiza mwenyewe. Kwamba anakubali kukatwa nusu ya mshahara mpaka tini hizo zilipwe.

"Mimi sijakiri," Mama Trei alisema.

"Utakiri ukiweka sahihi."

"Ulisema kopo moja kwa ndoo nne, nikaweka kopo moja kwa ndoo nne. Nilikuambia zitaliwa, ukaniambia niende shule."

"Nani alisikia?"

Mama Trei hakuwataja wale wawili wa mlangoni. Alijua nao wana watoto. "Mimi nilisikia, na wewe ulisikia."

Msimamizi akasukuma kalamu mbele. Akaitazama mikono yake, mafundo mawili ya bandeji, akairudisha kalamu mfukoni na kufungua droo. Alitoa kibweta cha wino. "Dole gumba halikuungua," alisema kwa sauti ya mtu aliyepata suluhisho la busara, na kabla Mama Trei hajaelewa alikuwa amezunguka meza na kumshika kifundo cha mkono wa kulia.

Hakumkamata kwa nguvu. Alimshika kama daktari anavyomshika mgonjwa, akamvutia dole mezani. Mama Trei akakunja ngumi. Ngozi iliyochubuka ikakunjana chini ya bandeji, maumivu yakapanda mpaka begani, macho yakajaa machozi yasiyotokana na kulia. Lakini dole gumba lilikuwa limeingia ndani ya ngumi, na ngumi haikufunguka.

"Fungua mkono, mama."

"Fungua wewe, ukiweza."

Karani kwenye meza ndogo alikuwa ameacha kuandika. Msimamizi alitazama bandeji, akaona doa jekundu likitokeza kwenye kitambaa cheupe, akauachia mkono ule kana kwamba ni yeye aliyeungua.

"Kesho shangazi anakuja kuona hasara," alisema. "Usipoweka dole mpaka hapo, huna kazi. Na yule pale," akaelekeza kidevu kwa karani, "nitajiuliza kama ukoo mzima hauna tatizo."

*

Mtu asiye na mikono haijui nyumba yake. Kitasa cha mlango ambacho Mama Trei alikuwa akikifungua bila kufikiri sasa kilikuwa kizuizi, akasimama mbele yake mpaka mume wake alipokuja kumfungulia. Hakuweza kujifunga kitambaa kichwani, wala kujimenyea chungwa, wala kujikuna pua. Jioni hiyo wifi yake ndiye aliyemlisha. Kijiko kilikwenda na kurudi, na wote wawili walikitazama kijiko ili wasitazamane.

"Wifi," karani alisema mwishowe, "mimi niliandika tu. Aliyekuwa anasema ni yeye."

"Najua. Ndiyo maana sijakuuliza kitu."

"Ni afadhali ungeniuliza."

"Haya. Uliandika 'uzembe' kwa herufi kubwa au ndogo?"

Karani akaweka kijiko chini. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kitandani akinyoosha miguu, aliguna. Alikuwa mwanamke mkali wa ulimi, mjane aliyelea watoto wanne kwa kufua nguo za watu, na aliamini kwamba alikuwa amelipia haki ya kusema lolote.

"Weka dole, yaishe," alisema. "Mimi nimeshawahi kusingiziwa pete, nikaomba msamaha kwa pete ambayo sikuiona hata kwa ndoto. Nikarudi kazini, watoto wakala. Nusu mshahara ni nusu, si sifuri. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Mama," Mama Trei akasema, akainua mafundo yake mawili ya bandeji, "mkono wenyewe ndio huu wangu. Wa kuubusu ni nani?"

Mama mkwe akairudisha miguu yake, akaikunja.

Mume alikuwa kwenye kigoda karibu na dirisha, kiatu cha mteja kimekaa kwenye goti, anavuta uzi. Alikuwa mtu wa maneno ya kupima. "Pete ilionekana?" akamuuliza mama yake.

"Iliangukia nyuma ya kabati. Iliokotwa mwezi uliofuata."

"Wakakuomba radhi?"

Mama mkwe akavuta shuka, akajifunika miguu. Mume akavuta uzi mpaka ukakaza. "Mimi kiatu nikikiharibu kwa gundi mbaya, halafu nikamwambia mteja kwamba ni yeye aliyekitembelea vibaya, huyo hatarudi. Na akirudi atarudi na kaka zake."

"Maneno ni rahisi ukiwa umekaa," karani akamjibu kaka yake. "Kodi ya nyumba hii nusu natoa mimi. Wifi asipoweka dole tunatoka wawili siku moja. Viatu vyako vitatulisha sita?"

"Havitatulisha."

"Basi."

"Sikusema vitatulisha. Nimesema sitamshika mkono afungue ngumi."

Wakatazamana, ndugu wa tumbo moja, kisha wote wawili wakamgeukia Mama Trei, kwa sababu mwisho wa maneno yote dole lilikuwa lake. Alikuwa akifikiri. Alifikiri juu ya nusu ya mshahara, juu ya viatu vya shule na mafuta ya taa, na hofu ilikuwepo, ya kweli. Lakini kila alipojaribu kujiona akilisukuma dole kwenye wino, aliona zile tini. Zilikuwa tini zake. Alizijua zenye mbonyeo na zenye masikio yaliyolegea. Kusema kwamba ameziua yeye kulikuwa jambo ambalo mdomo wake haukuweza kulitamka hata kwa majaribio.

"Kazi ikiondoka nitatafuta nyingine," alisema. "Ila nikienda kutafuta wataniuliza kwa nini nilitoka kule. Nitawaambia nini, kwamba mimi ndiye niliyekula tini sitini? Kesho nakwenda kumsubiri mwenye mali. Wifi, wewe fanya kazi yako. Sikuombi ushahidi."

Asubuhi mama mkwe alimpigia pasi gauni bila kuombwa. Akalivuta begani likakaa, akamfunga kitambaa kichwani kwa fundo la nguvu. "Kama unakwenda kugombana," alisema, "usiende umekunjamana."

*

Getini mlinzi alishika kofia yake mkononi. Walikuwa wamenunuliana chai kwa miaka tisa. "Mama Trei, nimeambiwa wewe usiingie kazini."

"Sijaja kazini. Nimekuja kumwona mwenye kiwanda. Niandike kwenye daftari la wageni."

Mlinzi alifikiri, akaona kwamba hilo halikukatazwa, akaandika. Kwenye sehemu ya 'anatoka wapi' alisita, akaweka mstari.

Mwenye kiwanda, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, alikuwa ameshafika. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na mikononi alikuwa bado na makovu madogo ya tanuri, maana alianza biashara kwa kuoka mwenyewe. Alikuwa amesimama kwenye karo akitazama rundo la tini zilizoliwa. Mpwa wake alikuwa pembeni, anaeleza. Waokaji sita walikuwa mlangoni. Ndani, kwenye vihori vya mbao, unga uliokandwa alfajiri ulikuwa ukipanda taratibu chini ya vitambaa.

"Ndiye huyu?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Ndiye, shangazi. Amekataa kuwajibika."

"Shikamoo, Bi Mkubwa," Mama Trei alisema. "Naomba robo saa, na tini moja kati ya zile ishirini zilizobaki, na trei moja ya chuma. Baada ya hapo, kama kosa ni langu, nitaweka madole yote mawili."

"Unataka kuharibu tini nyingine?"

"Nataka uone inavyoharibika, na ikiwa mikononi mwa mwingine."

Bi Mkubwa alivaa miwani, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka bandeji. "Moja tu," alisema.

Ndoo ikaletwa na mwokaji mkuu, ikatiwa maji. Gunia jeupe likaletwa. Mama Trei akamgeukia msimamizi. "Karatasi yako inasema nilizidisha dawa. Mimi leo siwezi kushika kopo. Pima wewe, kipimo unachokiona sahihi."

Msimamizi akasita. "Ilitakiwa nusu kopo."

"Juzi ilikuwa kopo. Sawa, weka nusu. Weka robo. Hata kijiko kitatosha, bosi, sina haraka."

Mmoja wa waokaji akakohoa kuficha kicheko. Msimamizi aliingia ofisini, akatoka na pakiti ya glavu mpya, akazivaa, na Bi Mkubwa akaziona zile glavu na akaona alikozitoa. Akatia kijiko kimoja cha mezani, akakoroga kwa fimbo. Kwanza wakaingiza trei ya chuma, maji yakatulia. Kisha tini.

Mapovu madogo yakatokea pembeni mwa tini, yakaongezeka, yakaanza kupanda kwa mlio kama wa mafuta yanayokaangwa. Maji yakageuka kijivu. Mvuke ukapanda na watu wakarudi nyuma hatua. Baada ya robo saa Bi Mkubwa alichukua ile fimbo, akaitoa tini, akaisuza kwa bomba. Ukoko ulikuwa pale pale konani. Alumini pembeni yake ndiyo iliyokuwa nyeusi, imekauka kama imeparurwa kwa kucha. Akaitoa trei: safi.

"Hiki ni kijiko," Mama Trei alisema. "Na ni robo saa. Zile zililala usiku kucha, kama nilivyoagizwa."

Mwokaji mkuu akasogea mbele. "Nilimsikia akikataa," alisema. "Siku ile nilikuwa mlangoni. Nimenyamaza siku mbili, na zote mbili sikulala vizuri."

"Na mimi nilikuwepo," wa pili akasema nyuma yake.

Bi Mkubwa alivua miwani. Kwa muda alikuwa mwokaji tu, anayejua chombo kimekufa kwa nini. Kisha akawa shangazi tena. "Basi, yameisha," alisema. "Kijana amekosea, tini zitanunuliwa. Mama, nenda nyumbani ukapumzike, ukipona urudi. Ile karatasi ichanwe."

Msimamizi akaitoa mfukoni akaichana mara mbili, haraka, kwa furaha ya mtu aliyeponea.

"Ahsante," Mama Trei alisema, na hakuondoka. "Hiyo ilikuwa ya uongo, imechanwa. Sasa naomba ya kweli. Iandikwe kwamba dawa ililetwa na ofisi, kwamba nilisema itakula alumini, kwamba glavu zilikuwa mbovu na nimeungua nikiwa kazini. Zahanati wanataka fomu. Nikienda na maneno ya mdomo watanirudisha, na wiki tatu hizi atakayenilipa ni nani?"

"Nimeshasema yameisha. Unanidai maandishi mimi?"

"Uongo ulipata karatasi na muhuri, Bi Mkubwa. Kwa nini ukweli upewe hewa?"

Uso wa Bi Mkubwa ukakaza. Hakuzoea kudaiwa uani kwake. Alimgeukia mwokaji mkuu. "Unga umeshapanda. Nendeni mkaupange."

"Umepanda, Bi Mkubwa," mwokaji mkuu alikubali. Akakunja mikono kifuani. Hakuondoka, na wenzake watano hawakuondoka. Hakuna aliyepiga kelele wala aliyetaja mgomo. Kupitia mlangoni vitambaa vilionekana vikiinuka juu ya vihori, vikivimba kama mashavu ya mtoto anayepuliza, na kila aliyekuwa pale alijua kwamba unga ukishapita ukingo unaporomoka, na ukiporomoka ni chakula cha kuku.

Mlango wa ofisi ukafunguka. Karani akatoka na karatasi mbili, bado zina joto la mashine. Alimpita msimamizi, akazinyoosha kwa Bi Mkubwa.

"Fomu ya kuumia kazini na maelezo," alisema. "Yamekamilika, bado sahihi."

"Nani amekuagiza?"

"Hakuna. Jana niliagizwa nikaandika uongo kwa dakika tano, maana ulitoka tayari kwa mtu mwingine. Hii nimeitunga mwenyewe, nimekesha nayo kichwani."

Bi Mkubwa alisoma yote, mstari kwa mstari, huku kidole kikifuata. Akatazama unga. Akatazama mpwa wake, ambaye alikuwa akitazama viatu vyake. Kisha akaweka karatasi juu ya ukingo wa karo, akatia sahihi, akampa kalamu kijana. "Na wewe," alisema. Msimamizi akatia.

Waokaji wakaingia ndani kwa mwendo wa haraka, kwa sababu unga ulikuwa umefika ukingoni.

*

Mambo hayakunyooka yote. Ijumaa mkaguzi alikuta tini kumi na tisa, zilizoloweshwa na waokaji wenyewe kwa maelekezo ya Mama Trei aliyekaa juu ya kreti na kuelekeza kwa kidevu. Akapitisha ukucha, ukatoka mtupu, akaondoka na kufuli lake. Kiwanda kiliokea kwenye tini hizo kumi na tisa kwa wiki mbili, mpaka mpya zilipofika. Msimamizi hakufukuzwa, maana damu ni nzito kuliko maji, ila alihamishiwa kwenye magari ya kusambaza mikate. Karani aliondolewa ofisini mwisho wa mwezi kwa barua ya adabu sana, akawekwa dirishani kuuza mikate kwa mshahara uliopungua. Nyumbani walihamia chumba kimoja badala ya viwili, na mama mkwe alilalamika kila siku juu ya mkoromo wa wengine, yeye ambaye alikoroma kuliko wote. Siku moja, akimlisha mkwewe kijiko cha mwisho kabla bandeji hazijatolewa, alisema ghafla, "Ile pete ningeisemea," akaenda kuosha kijiko.

Vidole viwili vya Mama Trei havikurudi kukunjika sawasawa. Ngozi yake mpya ilikuwa ya waridi, laini kama ya mtu mwingine. Alirudi kazini baada ya wiki nne, akiwa na glavu ndefu mpya. Akakuta tini sitini mpya zilizokwishatumika wiki mbili, na konani weusi umeanza kujibandika. Akawasha moto, akatia magadi, akaziloweka ishirini za kwanza.

Saa tatu na nusu Bi Mkubwa, ambaye sasa alikuja kila wiki, alitokea uani.

"Mama Trei, hizo tini zinatakiwa tanurini saa nne."

"Zitatoka saa sita."

"Nani kasema saa sita?"

Mama Trei aliingiza mkono majini, akagusa kona ya tini kwa dole gumba, akautoa. "Ukoko."

Bi Mkubwa akasimama. Akatazama saa, akatazama maji, akamtazama mwanamke ambaye hakuwa amegeuka. Kisha akaingia ndani kuwaambia waokaji kwamba ni saa sita.